Kompyuta Kuukuu na Vidole vya Mama

Sisi tuliokulia Nyololo, mkoani Iringa, kabla nguzo za umeme hazijatufikia, baridi tunaijua vizuri. Nawaambia nyie wa rika langu, maana watoto wangu nikiwasimulia wanadhani natunga. Asubuhi ya mwezi wa saba sakitu imelala juu ya majani, nyeupe, na sisi peku tunaikanyaga, kidumu cha maji mkono mmoja na kuni begani. Tunakimbia mchakamchaka tunaimba, mvuke unatutoka mdomoni. Sweta langu lilikuwa limepita kwa kaka zangu wawili kabla ya kunifikia, viwiko viko nje. Tukiingia darasani vidole vimekufa ganzi, kalamu haishikiki, na mwalimu anasoma imla vilevile. Leo likitanda wingu tu, mtoto anaomba kubaki kitandani, na simu iko kifuani.

Lakini mimi nilikuwa na pa kuotea joto. Mama yangu alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ushirika wa wakulima, chumba kimoja chenye sakafu ya saruji na jiko la mkaa pembeni. Nikitoka shule nilipitia dirishani kwake. Hata kabla hujaliona jengo ulikuwa unaisikia mashine, taka-taka-taka, kisha kengele ya mwisho wa mstari, kisha kile chuma kinasukumwa kurudi mwanzo. Wakulima waliokuja na magunia ya pareto walisahau kilichowaleta, wakasimama mlangoni kumtazama mwanamke anayechapa bila kuangalia vidole.

Alikuwa na tabia moja. Kila neno alilolichapa alilinong'ona. Midomo yake ilicheza kutwa nzima, "husika na kichwa cha habari hapo juu," "nakutakia kazi njema," kana kwamba anasali. Aliamini mpiga chapa asiyetamka huruka maneno, na barua ya ofisi ikirukwa neno mtu anaweza kupoteza kazi. "Kinachokwenda kwenye karatasi kinapita mdomoni kwanza," alituambia, na hakutaka mjadala.

Nilipofika darasa la tano akaanza kunifundisha, siku za Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa. Kwanza unanawa mpaka kwenye viwiko. Kisha unakaa, mgongo umenyooka, anakufunika mikono kwa kitenge pamoja na mashine yote ili usione herufi. Ukichungulia, rula inatua. Nililia mara nyingi chini ya kitenge kile. Tukimaliza alifukua viazi alivyovichimbia kwenye jivu la jiko, tukavila na chumvi, maganda na yote, na msimu wa ulanzi alininunulia kikombe cha ule mpya unaotoka kwenye mwanzi asubuhi, mtamu, usiolevya bado. Halafu ananiachia nikimbilie kucheza rede na wenzangu hadi giza liingie. Mpaka leo sijala viazi vitamu kuliko vile, na nimekula vya hotelini.

Nasimulia haya kwa sababu mwaka jana niliogopa sana.

Mama sasa amevuka sabini na mitano. Baba alipofariki nilimchukua, tukakaa naye hapa Soweto, Mbeya, nyumba yangu ya vyumba vitatu. Aliizoea haraka, akalima mboga uani, akawajua majirani kuliko ninavyowajua mimi. Kisha mambo yakaanza kidogokidogo. Akatia chumvi kwenye maharage mara mbili. Akaniuliza saa, nikamjibu, akaniuliza tena kabla sijakaa. Siku moja narudi kufundisha nikamkuta amepakua sahani ya ziada, ameifunika. "Subi," akaniambia, "baba yako leo kachelewa."

Baba ana miaka minane kaburini. Nilisimama pale na mkoba wangu wa madaftari. Nilimjibu nini? Nilisema, "Atakuja, mama." Nikaingia chumbani nikakaa kitandani.

Nilimpeleka hospitali, na daktari akanieleza kwa upole kwamba dawa ya kurudisha kumbukumbu hana. Akasema mpe kazi ambayo mikono yake iliijua zamani, imsaidie kushika alichonacho. Na kazi mama alikuwa nayo tayari, tena aliisema kila wiki: alitaka kuandika majina ya watu wa ukoo wa baba, kule Rungwe. Katika wanawake walioolewa kwenye mji ule wa ukoo, yeye ndiye aliyebaki. "Nikiondoka mimi," alisema, "hamtajua nani kazaliwa na nani. Mtakuja kuoana wenyewe kwa wenyewe." Shida ni kwamba kalamu ilimshinda, mkono unatetemeka, maandishi yanapanda na kushuka. Nikawaza kuhusu vidole. Labda vidole havijasahau.

Ndani kwangu kulikuwa na kompyuta ya mezani niliyoinunua watoto wakiwa shule ya msingi, ile yenye boksi zito la chuma linalonguruma, na kibodi nene ambayo vitufe vyake vinalia kweli ukivibonyeza. Binti yangu anasoma Dodoma. Nilipompigia akacheka. "Mama, mnunulie bibi tableti, hiyo ni ya makumbusho." Hawa watoto kila kitu ni kioo, unapapasa tu. Mpiga chapa anataka kitufe kinachoshuka. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka. Ukiiwasha unapika chai, unainywa, bado inakuomba usubiri. Windows iliyokuwamo ilikwisha kuachwa na wenyewe, haipati tena masasisho, na ile mpya ilinitangazia waziwazi kwamba mashine yangu haina sifa. Mimi nilikuwa na haraka. Kila juma lililopita niliona kama mama amepungua kidogo.

Nikaenda kwa Firoz. Huyu tulisoma naye sekondari Iringa mjini. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na sisi wa bweni tulikuwa tunaingia mle kujifanya wateja ili tunuse majora mapya na bizari iliyokuwa ikipikwa nyuma ya duka. Mzee alijua hatuna kitu. Alitupa kashata akatuambia, "Haya, mkasome." Firoz naye sasa ana duka lake hapa mjini, anauza na kutengeneza kompyuta, na kichwa kimekuwa cheupe kama changu.

"Mwalimu, hiyo mashine usiitupe," akasema alipoifungua. "Mkungu ni mzima, vumbi tu." Mkungu ndiyo bodi kuu, yeye anaiita hivyo. "Tuongeze remu ifike giga nne, tutoe Windows, tuweke Linux. Ni mfumo huria. Hununui, huibi, na wenye kuitunza ni watu wengi duniani."

"Iko mingapi?"

"Mingi mno. Hapo ndipo watu wanapotea." Akaanza kuniuliza maswali kama daktari yule. Mtumiaji ni nani? Aliwahi kutumia kompyuta? Anataka kufanya nini? Nikamwambia anataka kuandika tu. Nikamwambia na jambo lililokuwa likinikosesha raha: kwamba mama akijifunza, atajifunza mara moja tu. Kisibadilike kitu. Menyu isihame. Mwaka kesho akiamka akute kila kitu pale alipokiacha, kwa sababu mara ya pili huenda hatakuwa na uwezo wa kujifunza.

Firoz akavua miwani, akaifuta. "Basi tunatafuta toleo linalotunzwa miaka mingi bila kugeuzwa," akasema, "na lenye sura ya kawaida. Menyu chini kushoto, saa chini kulia." Akanitajia mawili, Lubuntu na Linux Mint, ile Mint yenye mazingira mepesi. Yako mengine mepesi zaidi, akasema, hata mashine ya kale kuliko yangu ingepumua, ila hayo yanataka mtu anayependa kuchokonoa. Kisha akanipa ushauri ambao nawapa na nyie bure: usifute kitu kabla hujaonja. Akaniwekea Lubuntu kwenye flashi. Unachomeka, unaiwasha kompyuta kutokea kwenye flashi, mfumo unafunguka kama ulivyo bila kugusa kilichomo ndani. Ukiupenda ndipo unauweka moja kwa moja.

Jumamosi hiyo nilimkalisha mama mezani. Niliogopa kuliko siku ya usaili wangu wa ualimu. Mfumo ukafunguka wenyewe, nikamfungulia ukurasa mweupe wa kuandikia. Mama akaenda kunawa mikono. Mpaka kwenye viwiko! Akarudi, akakaa, akanyoosha mgongo, akaweka vidole juu ya kibodi akipapasa, akaanza.

Ilikuwa mvua ya mawe. Midomo inacheza, vidole vinakwenda, macho yako dirishani. Aliandika, "Ndugu Meneja, husika na kichwa cha habari hapo juu," akaendelea na barua nzima ya kuomba utepe mpya wa mashine na karatasi za kaboni. Barua ya miaka arobaini iliyopita. Nilicheka na machozi yakanitoka, sikujua nishike lipi. Akafika mwisho wa mstari akanyoosha mkono wa kushoto kusukuma kile chuma, hakukikuta, akajicheka mwenyewe.

Nikasema tumeshapata. Jioni ile nikahamisha picha na mitihani yangu yote kwenye diski ya pembeni, kama Firoz alivyoniamuru, nikaanza kuweka mfumo. Inafika mahali inakuuliza kama unakubali kufuta diski yote. Mimi ni mtu wa kuogopa. Nilikuwa nimenakili kila kitu mara mbili na bado kidole kiligoma. Nikaenda kukagua diski ya pembeni mara ya tatu, nikazitazama picha za arusi ya mdogo wangu, nikarudi, nikafumba macho, nikabonyeza.

Baadaye ikaniuliza neno la siri. Hapo nilijiona nina akili. Nilitaka neno ambalo mama hawezi kulipoteza hata akipoteza mengine yote. Nikaweka jina la babu mzaa baba, Angolwisye. Tena nikaliweka pia kuwa jina la mwenye kompyuta, ili babu aheshimiwe.

Kesho yake baada ya ibada nikamwita. "Mama, hapa unaandika jina la babu, basi, mlango unafunguka." Mama akakaa. Akaweka vidole. Akaangalia kioo, na jina la babu limeandikwa pale kwa herufi kubwa. Midomo ikafunguka, ikafumba. Vidole vikabaki juu, vimesimama.

"Miwani hii," akasema. "Tufanye kesho."

Kesho ilikuwa kichwa kinauma. Keshokutwa alisema anakwenda kumwagilia mchicha, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilipomwingizia mimi mwenyewe, jina la babu likiwa bado pembeni ya kioo, akaandika mstari mmoja, akazima, akaondoka, na uso ulikuwa umekunjamana. Nikimsihi aingie mwenyewe anaangalia kibodi kama hajapata kuiona. Siku ya nne nilimwelekeza kwa sauti niliyojutia. "Mama, ni jina la babu tu! Babu! Umelisahau?" Akakunja kanga yake, akatoka nje.

Nikajua ndiyo basi. Wiki moja tu, na kitu alichokiweza Jumamosi kimeshatoweka. Mnajua mtu anavyokuwa akiogopa, anatafuta cha kulaumu. Nikaulaumu mfumo. Nikarudi kwa Firoz nikamwambia Lubuntu imemshinda, nipe ile nyingine. Akanipa Mint kwenye flashi. Nikaijaribu nyumbani, mama akakaa akachapa ukurasa mzima, safari hii orodha ya wasichana aliokuwa nao shuleni kwao Kalenga, kumi na wanne, na majina ya baba zao. Umeme ukakatika na ukurasa ukapotea, maana kwenye flashi hakihifadhiwi kitu, lakini sikujali. Nikaiweka Mint usiku uleule. Nikaweka na neno la siri lilelile.

Asubuhi vidole vikasimama tena.

Nililia kwenye duka la Firoz, mbele ya wateja. Nikamwambia mama yangu anakwisha na mimi nahangaika na flashi. Firoz akaweka kiti, akafunga mlango nusu.

"Mwalimu, subiri. Kwenye flashi ya kwanza aliweza?"

"Aliweza."

"Na ya pili?"

"Majina kumi na manne."

"Ukiiweka ndani anashindwa. Zote mbili." Akakuna kidevu. "Basi si kichwa chake, na si mfumo. Ingekuwa kichwa, kingechagua siku, kisingechagua flashi. Kuna kitu wewe unakiongeza ukishaweka. Unaongeza nini?"

"Sijaongeza kitu. Labda neno la siri."

"Usinitajie," akasema. "Nenda kamuulize mama."

Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nikakaa kwenye kigoda kando yake, nikachukua ungo mwingine, nikaanza kumsaidia. Nilipopata ujasiri nikamuuliza, taratibu, kama kuna shida na lile neno la kuingilia. Aliendelea kupepeta.

"Hilo neno haliwezi kuwa jingine?" akauliza.

"Linaweza, mama. Lakini nilichagua rahisi. Ni jina la babu tu."

Akaweka ungo chini. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikichungulia chini ya kitenge. "Subilaga," akasema, na akiniita jina zima najua nimekosea. "Mimi nimeolewa."

Ndipo nilipokumbuka, na kumbukumbu yenyewe ilikuja yote kwa mara moja. Likizo za Desemba, basi kutoka Nyololo hadi Mbeya, halafu gari la kwenda Tukuyu, mvua haikatiki, migomba imefunga barabara pande zote. Mama, yule mama wa ofisini aliyewatetemesha mpaka mabwana shamba, akishuka garini anafunga kanga mbili na sauti inashuka. Babu alikuwa na kikohozi cha makusudi. Akitoka nyumbani kwake anakohoa kutoka mbali, na mama akisikia anaacha njia, anaingia migombani na mdogo wetu mgongoni, anachuchumaa, amempa mgongo, mpaka mzee apite. Hawakupata kutazamana. Chakula cha babu alikipika mama, tulikipeleka sisi. Kiti cha babu hakukigusa. Jina lake hakulitaja, wala la kaka zake, maana wote ni baba wakwe, na hata neno la Kinyakyusa linalokaribiana na jina hilo alilikwepa akatafuta jingine. Mama mwenyewe kwa kuzaliwa ni Mhehe. Adabu hizi alifundishwa na shangazi yangu wiki ya kwanza ya ndoa, na akazishika kuliko wasichana waliozaliwa palepale.

Sisi watoto tulifanya mchezo. "Mama, hivi babu anaitwa nani?" Tunasema, tunakimbia, na yeye anatufukuza na mwiko hadi kisimani huku anacheka. Tulidhani ni kichekesho cha likizo. Babu alipofariki nikadhani kimeisha. Mimi mwalimu mzima, mwenye cheti, nimemkalisha mama yangu mbele ya kioo chenye jina la mkwewe kwa herufi kubwa, nikamwambia alichape, na mama hachapi neno bila kulitamka. Tena nimemfokea. Na hata sababu hakuweza kunieleza vizuri, kwa kuwa kuieleza ni kulikaribia jina.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Nilidhani unajua," akasema, akachukua ungo wake.

Jioni ile nikafuta jina la babu kila mahali. Nikamwambia achague neno lake mwenyewe na asiniambie. Nikageukia ukutani, nikasikia vitufe saba au vinane, na mnong'ono ambao sikujaribu kuudaka. Mlango ukafunguka. Sikumbuki lini nililala usingizi mzuri kama usiku ule. Mama yangu hakuwa amesahau. Alikuwa anakumbuka kitu ambacho mimi ndiye niliyekipoteza njiani.

Tangu siku hiyo anachapa kila asubuhi baada ya chai. Mint haijamsumbua. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, naye anaingia, anaandika, anahifadhi, anazima, bila kuniuliza. Wapo wa rika langu wanaoniuliza nini kinafaa kwa mzee na kompyuta ya zamani, nami nawajibu hivyo hivyo: onja kwanza, chagua tulivu, halafu muulize mzee mwenyewe kabla hujamwamulia. Siku nyingine bado anamwekea baba chakula. Simsahihishi.

Jumapili iliyopita akaniita. "Njoo ujaze," akasema. Kurasa sita! Nikavuta kiti. Mama alikuwa ameandika mji mzima wa babu kule Rungwe, wake na wana, waliozaliwa na waliozikwa wachanga, nani alihamia Kyela, nani alikwenda migodini asirudi. Na katikati ya maandishi aliacha nafasi nyeupe. "Wa kwanza ni ........, mrefu, jicho moja halioni, alihamia Usangu kulima mpunga, alizaa tisa." "Anayemfuata ni ........, fundi wa nyumba za mianzi, mpole, alikuwa anapenda sana watoto." Nafasi tano. Baba wakwe zake watano.

Ya babu niliijaza. Mama aliangalia dirishani wakati naandika, na mimi sikunong'ona. Nikaenda kwenye ya kwanza, ya yule mrefu wa Usangu. Nikakaa.

Sikulijua. Wala la fundi wa mianzi, wala ya wale wawili wengine. Niliwahi kukaa mapajani kwa mmoja wao, nakumbuka harufu ya tumbaku yake, jina sina. Enzi zile hatukuhitaji kuandika, majina yalikuwa yanaitwa kutwa kutoka nyumba hii hadi ile, shangazi akigombana na kuku anayataja, baba akinywa chai anayataja, na sisi tunacheza. Baba hayupo, shangazi hayupo. Wiki yote kabla ya Jumapili hiyo, ili nimsaidie mama, nilikuwa nimewapigia binamu zangu kuwauliza habari za ukoo, na kila mmoja alinijibu, "Nilidhani wewe ndiye unajua." Nikaandika kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, wakanijibu kwa maua na mikono iliyokunjwa, na mmoja akaandika "Amina." Tuna simu zinazobeba picha elfu, tuna kompyuta isiyosahau kitu, na ruhusa ya kutaja jina lolote tunayo sisi. Anayeyajua yuko kando yangu, amevaa miwani, na mdomo wake kwa majina hayo umefungwa tangu alipoolewa.

Sikuthubutu kumbembeleza. Ila fikra mbaya ilinijia na haijaniacha. Siku moja huenda atayataja yote matano, mezani, tunakula, bila kusita. Siku hiyo itakuwa amesahau kwamba ameolewa. Na mimi, Mungu anisamehe, nitakuwa na kalamu.

"Andika basi, Subi," mama akasema, anatazama mchicha wake nje. "Wewe ni damu yao. Wewe unaruhusiwa."

Nikainamia kibodi, nikajifanya natafuta herufi.